Keki Niliyoagiza Benki Iliponisamehe

Ijumaa, mwanzoni mwa mwezi wa sita. Unyevu wa leo hapa Uarabuni ungeukamua kama shuka. Ukitoka tu kwenye kiyoyozi, miwani inaingia ukungu. Heri ukungu ungebaki nisione nyuso za watu, maana leo nimejiaibisha kanisani (huku ibada ni Ijumaa), tena kwa maikrofoni.

Ile fleti yangu ya kule nyumbani Kitengela, niliyonunua kwa mkopo nikaipangisha, ilipigwa mnada baada ya mpangaji kuhama bila kulipa na mimi kushindwa na marejesho. Bei ya mnada haikufikia mkopo, nikabaki nadaiwa, mpaka juzi benki ikanijulisha kwamba salio wamelisamehe. (Nililia pale kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nikajipangusa na taulo ya mgeni.) Ningenyamaza tu. Lakini nikaona nitoe ushuhuda, na ushuhuda bila keki ni wa nini, nikaagiza kubwa, imeandikwa DENI LIMEFUTWA.

Vigelegele! Keki ikagawanywa kuanzia mwisho wa maandishi. Ndipo Ndugu Okoth, mhasibu wa kampuni moja huko Lusail, akanisogelea na kipande chake.

"Hongera, dada. Umeuliza habari ya ushuru kule nyumbani? Deni la nyumba ya kupangisha likisamehewa, kuna wakati serikali hulihesabu kama mapato."

(Kwa haki niseme: alinong'ona. Mwenye maikrofoni nilikuwa mimi.)

Sasa mimi akiba yangu yote ni nauli ya kwenda kumwona mama Agosti, kichwa kikawaka. "Kanisa! Kuna mtu hapa anatumiwa na adui kunirudishia deni!"

Wamama wakamzunguka, mikono kichwani, Pasta anakemea roho ya mahesabu, na Okoth wa watu amefumba macho, kipande cha keki bado mkononi.

Walipomwachilia akasema, "Amina. Lakini mwisho wa kupeleka ritani za ushuru ni mwezi huu."

Kisha sauti kutoka nyuma: "Hata sisi wenye vyumba vya kupangisha Rongai?"

Basi wale wale waliomkemea wakampangia foleni, Pasta akiwa wa pili, mimi wa mwisho. Nikamwomba msamaha. Akacheka. "Leta barua ya mnada, ya msamaha, na hesabu ya riba uliyolipa. Huenda usilipe chochote, huenda ukalipa. Mpaka tujue, hiyo nauli usiiguse."

Nimempigia mama nikamwambia kwamba Agosti siahidi. Akasema, "Haya, nitangoja," kisha akaniuliza kama nimekula.

Sitashika tena maikrofoni kabla ya kuongea na mhasibu.

Jioni hakuna aliyepika. Nekesa, tunayeishi naye hapa Al Thumama, akafungua boksi la keki akaangua kicheko. "We Truphena, njoo uone ulichobakishiwa!"

LIMEFUTWA ilikuwa imeliwa yote. Tumekula DENI, na chai ya rangi.