Waliotoka Katikati ya Sala

Miaka ya tisini kanisa letu la Mji Mkongwe, Zanzibar, lilitafuta mtu wa kulea kikundi kidogo cha waumini huko Kizimbani, wengi wao vibarua wa shamba waliotoka bara. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, nimefika kidato cha nne, na niliamini kazi ile ni yangu. Akapewa mwinjilisti kijana. Nilimpongeza mbele za watu, nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Kila mwezi alikuja mjini kutoa taarifa, na kila mwezi nilimtafutia kosa. Mikutano mikubwa hakuwa nayo. Alisema jioni hukaa na majirani zake, Waislamu karibu wote, wakichambua karafuu, punje huku, vijiti vyake, makonyo, kule. Akiwapo mgonjwa humsindikiza hospitali. Ramadhani hapiki mchana. Nikamwuliza hapo kanisa liko wapi.

"Mzee, sisi tumezoea kuwaambia watu njooni kwetu," akasema. "Lakini Mungu hakutungoja, alitufuata tulipo. Kanisa ni watu waliotumwa kwa wenzao. Jumapili tunakusanyika ili tupate nguvu ya kwenda."

"Na hao majirani, umebatiza wangapi?"

"Hata mmoja. Sikwenda kuwawinda, mzee. Nilikwenda kuishi nao."

Wazee wenzangu waliridhika. Mimi nilichosikia ni kwamba watu wanampenda.

Jumapili moja nikaenda mwenyewe. Walikuwa kumi na wawili kwenye banda la makuti. Sala imefika katikati, wingu likatanda ghafla. Jirani wa nyumba ya pili, bibi mmoja mjane, alikuwa ameanika karafuu zake za msimu mzima juu ya majamvi, na karafuu ikinyeshewa imeharibika. Mwinjilisti akafunga kitabu, akasema, "Bibi yuko peke yake." Wakatoka wote mbio. Nilibaki kwenye benchi na kitabu changu wazi, nikiwaona kupitia upenyo wa makuti wakikunja majamvi, bibi akiwaamrisha na kuwatania kwamba Wakristo wanakimbia kama kuku. Walirudi wamelowa, wanacheka, wakamalizia sala. Sijapata kuona ibada nzuri kama ile, na nilimchukia kwa sababu hiyo.

Jumatatu nikaandika barua kwa halmashauri ya kanisa: mwinjilisti amevunja ibada kwa ajili ya karafuu. Kila neno lilikuwa kweli. Sikuandika karafuu zilikuwa za nani. Sikuandika kwamba sala iliendelea. Kabla ya msimu kwisha akarudishwa bara, na kazi nikapewa mimi.

Alinikabidhi banda bila lawama. Aliniomba jambo moja tu, nimjulie hali bibi kila siku.

Nikaenda. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba." Akanitazama sana. "Wewe si ndo uliyebaki ndani siku ya mvua?"

Nikasema ndimi.

"Haya. Karibu kahawa."

Nilipewa kahawa, na heshima yote. Lakini nilikwenda kwake kama mtu anayetia sahihi daftari la zamu, dakika tano, kisha nikarudi bandani kupanga nyimbo. Nikaongeza ibada ya Jumatano. Nikaleta kengele. Waumini wakapungua mpaka watano, nami nikawalaumu vibarua kwa uvivu.

Nilishika kazi ile hadi miaka ya elfu mbili, mwishowe nikifika siku za ibada tu, na kwa bibi nikaacha kupita. Siku moja nilimwona mwinjilisti kwa mbali, amevaa kofia, anatoka nyumbani kwa bibi pamoja na wanaume wa mtaa. Nilidhani amekuja kuninyang'anya kazi. Nikamwendea kwa ukali, nikamwuliza anatafuta nini huku.

Alishangaa. "Bibi amefariki juzi, mzee. Wanawe walinipigia simu. Hukuambiwa?"

Nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka bandani kwangu. Hakuna aliyenificha, ni kwamba tu hakuna aliyenikumbuka. Nikamdanganya kwamba nilikuwa na safari mjini. Akanipa pole ya msiba, mimi jirani, kisha wale wanaume wakamwita, naye akaitika naam, akaenda.