Mto Uliopita kwa Jirani

Mpaka sasa kazi hii ya kuurudisha mto imenigharimu mipini miwili ya jembe, ukucha wa kidole gumba, na chai ya asubuhi kwa dada yangu, Bi Mize, ambaye hasemi nami tangu Jumamosi. Nimehesabu mara mbili. Hasara ni ile ile, na chai ndiyo inayouma.

Enzi zetu, nyinyi mliokulia bondeni Kengeja mnajua, mto ule haukuwa na haraka. Ulikwenda kama mtoto aliyetumwa dukani: unapinda huku, unasimama kule, unachungulia mashamba ya watu kwanza. Penye pindo kubwa palikuwa na mikindu. Mama zetu wakikata ukindu wa mikeka, sisi chini yake tukipapasa kambare kwenye tope la vuguvugu. Kambare mmoja tulibadilishana kwa miwa miwili. Akiwa mdogo, mmoja na nusu, na hapo lazima mgombane kwanza. Tukirudi tumejaa tope, tunanuka matete, Mama anatuzuia mlangoni: "Hawa si wanangu, wanangu wana rangi. Rudini mlikotoka!" Tunarudi mtoni kuoga, nasi ndiko tulikokuwa tunataka kwenda.

Kisha wakubwa wakachimba mtaro, ulionyooka, ili bonde likauke lipandwe mihogo. Sikuwalaumu, nimeila sana mihogo hiyo. Lakini maji yakajifunza kukimbia. Siku hizi mvua ikinyesha asubuhi, adhuhuri maji yako baharini, hayapati muda wa kuzama ardhini, na kisima chetu kimeingia chumvi.

Ndipo wakaja vijana wa kujitolea, wakiongozwa na Maryam, binti wa hapa hapa. Mabuti mapya, simu mpya. Jembe haligusi ardhi kabla ya picha. Sisi picha tulipiga siku ya harusi tu, tena tumenuna. Lakini nisiwaonee, wanafanya kazi. Wamejaza viroba mchanga, wameziba mtaro, wana miche ya mikindu tayari ya kupanda ukingoni. Jumamosi Maryam akatukusanya akauliza swali moja tu: "Wazee wangu, mto ulikuwa ukipita wapi?"

Subhanallah! Kila mtu aliukumbuka ukipita kwa jirani yake. Hamadi, jirani wa dada, akasema ulipita kwa Bi Mize.

"Kwangu?" dada akaruka. "Kwangu haujapita hata mkojo wa chura! Ulipita kwako, wallahi naukumbuka."

"Kwangu ni juu, Bi Mize. Ulikuwa ukipanda ngazi?"

Ukijumlisha ushahidi wote, mto wetu haukupita popote. Nilicheka mpaka Maryam aliponigeukia: "Na weye, Ami?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya mihogo ya dada. Ardhi pale imebonyea, na majani ni mabichi hata kiangazi. Pindo kubwa lilikuwa pale pale. Na hilo ndilo shamba lake pekee, ndilo linalowalisha wajukuu zake. Nikainama kupangusa tope jembeni. Nilichelewa tu kujibu. Bi Mize akanitazama, akabeba jembe lake, akaondoka.

Nimejaribu kupatana naye. Nilimpa nusu ya shamba langu la juu, akanirudishia jibu kwa mjukuu: "Mwambie mawe yake ayale mwenyewe." Nikaongeza migomba. Hiyo nayo hakuitaka. Tukiyapeleka maji kwa Hamadi, hayatapanda. Masika ya kwanza yatavunja viroba, na kisima kitabaki na chumvi yake.

Zamani mto ulipita kwa watu wote wala haukubisha hodi. Leo unangoja neno la mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, sipati usingizi. Mawingu yameanza kukusanyika, Maryam anataka jibu kesho. Nyinyi tuliooga pamoja pale, nishaurini: niseme ulipopita, au nami niukumbuke kwa jirani?