Kioo Kisivunjike Zaidi

Mama mmoja fundi cherehani aliagiza mtandaoni kioo cha wateja wake kujitazamia. Kikaja ndani ya mfuko wa nailoni, vipande kumi na kimoja. Duka likamwambia akirudishe, ila akifungashe vizuri kisivunjike zaidi.

"Kisivunjike zaidi," alimwambia mumewe, mdomo ameubetua. "Watu hawa hata haya hawana."

Kwa hasira akashona mkoba wa sponji, kila kipande na mfuko wake. Wiki iliyofuata duka likamjulisha kwamba kioo kimefika salama salimini. Kipya kikaja ndani ya nailoni ileile, kimekuwa unga. Alipoingia mtandaoni kulalamika, akauona mkoba wake kwenye ukurasa wao, unauzwa, na chini yake wameandika: unafaa sana kusafirishia vioo.