Nusu Ukurasa wa Kaka Yangu

Tarehe kumi na moja Februari mwaka jana nilimpoteza kaka yangu mkubwa. Alikunywa chai, akaegemea kiti, akafa. Mke wake alidhani amelala, na hakuwa na sababu ya kudhani vingine, maana hivyo ndivyo kaka alivyokuwa kila siku ikifika saa nne asubuhi.

Tuliishi boma moja hapa Malaba, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kuingia Uganda. Baba alituachia vyumba vya kupangisha. Madereva na mawakala wa forodha lazima walale mahali, kwa hiyo sisi hatukukosa kitu. Kazi yetu ilikuwa kukaa verandani. Tulikuwa na viti viwili, na kutoka hapo tuliisahihisha dunia. Jirani aliyejiunga na ngumbaru, darasa la watu wazima, akiwa tayari na wajukuu tulimwita profesa. Dada mmoja alipoacha kuuza chapati akasomee kushona, kaka alimwuliza kama sindano huliwa na chai. Tulicheka hadi machozi. Yule dada sasa anashona sare za shule. Hilo hatukulicheka.

Sisi pia tulikuwa na mpango. Tulinunua pikapu ya mtumba, tukakubaliana kwamba mwaka ujao tutasomea gari. Mwaka ujao ulikuja mara tisa. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva, na kaka akasema afadhali kuna mtu anayelitumia.

Kamati ya mazishi ilinipa kazi ya kuandika historia ya marehemu, kwa kuwa ni mimi niliyeshinda naye. Nilikaa na kalamu mchana mzima. Niliandika kwamba alizaliwa Angurai, nikaandika darasa alilofikia, mke, watoto. Halafu nikafika pale pa kusema alichofanya, na kalamu ikasimama. Niliandika kwamba alikuwa mcheshi. Nikaandika kwamba alipenda watu. Ikawa nusu ukurasa.

Shemeji, mke wa kaka, aliisoma akiwa amesimama.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote ninayojua ambayo ni ya kweli, shemeji."

"Na ulikuwa naye kila siku."

"Kila siku."

Mama wa duka la kuchapisha, nilikoipeleka, alikuwa na huruma zaidi. "Usijali, mzee. Tutafanya herufi ziwe kubwa, tuongeze picha."

Siku ya kuzika, kule Angurai, fundi wa vipaza sauti alijaribu mitambo yake kwa muda mrefu kuliko nilivyosoma. Nilipokunja karatasi, katekista alisubiri, akidhani nageuza ukurasa. Mtu mmoja nyuma ya hema akauliza, bila ubaya wowote, "Imeisha?"

"Imeisha," nikajibu kwenye kipaza sauti.

Nilikwenda kuketi nikalia, na watu wakanishika mabega. Kaka nilimlilia baadaye, peke yangu. Pale nilikuwa najililia mimi. Nilikuwa nimesikia historia yangu ikisomwa. Nilitaka, kabla ya zamu yangu, kuwe na sentensi moja ya kusema nilichofanya.

Basi nikaanza kujiboresha. Wanaojua mambo hayo husema mtu aamke alfajiri. Niliamka alfajiri siku mbili, nikagundua kwamba mtu aliyeshiba hana la kufanya saa hiyo zaidi ya kusubiri chai. Njaa humwamsha mtu bila kengele. Shibe humfunika blanketi.

Mwezi wa nne nilikwenda Busia kujiandikisha katika shule ya udereva. Sikupewa gari. Nilipewa kigari cha plastiki, kidogo kama andazi, na ubao mkubwa uliochorwa mji: barabara, mzunguko, hospitali. Mwanafunzi hukisukuma kigari kwa kidole huku akieleza anachofanya. Nilikuwa mwanamume mwenye mvi, nikiinamia meza, nikisema, "Sasa naangalia kioo."

Siku ya mtihani, mtahini aliniambia nikitoe kituo cha petroli hadi hospitali. Nilikiwasha kwa mdomo, nikakiingiza barabarani upande wa kulia, nikakipeleka moja kwa moja.

"Mzee, mbona uko kulia?"

"Kushoto kuna malori."

Aliutazama ubao. Ulikuwa mtupu. "Malori gani?"

"Ya foleni."

"Unatoka wapi, mzee?"

"Malaba."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Maisha yangu yote nimeona kushoto kumejaa malori yaliyosimama, na kila mwenye haraka akipita kulia. Sikujua kwamba hiyo haikuwa sheria. Niliangushwa papo hapo.

Nilirudi verandani. Siku iliyopangwa ya kurudia mtihani nilijiambia kuna mvua. Safari nyingine nikasema goti linauma. Kwa kweli kiti kilikuwa kizuri, wapangaji walikuwa wakarimu wa salamu, na hakuna aliyekuwa ananidai chochote. Nilianza hata kumcheka jirani mwingine, aliyenunua viatu vya kukimbilia. Shemeji alikuwa anachagua maharagwe mlangoni pake. Hakuinua kichwa.

"Wewe kaa tu, shemeji. Historia yako nitaiandika mimi. Sitahitaji hata karatasi."

Maneno hayo yalinitoa kitini bila kunywa chai. Nilirudi Busia wiki hiyohiyo. Ubaoni nilikaa kushoto mpaka hospitali, nikapita. Ndipo nikapewa gari la kweli, na baada ya wiki kadhaa za mazoezi nikaitwa mtihani wa barabarani.

Gari lilinizimikia penye kona ya soko, na nilipoliwasha likazima tena. Mwendesha bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akapaza sauti, "Boss, shuka tukusukume!" Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani alisimama kunitazama kama sinema. Niliwasha mara ya tatu, gari likaruka, likaenda, na mtahini akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Tulipofika aliniambia nimeanguka, nirudi kujaribu tena nikiwa tayari. Hiyo ilikuwa juzi. Shemeji aliponiuliza nilimwambia ukweli, naye akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu tumzike kaka. Jana nilikwenda Busia, nikajiandikisha tena.