Bustani ya Chupa na Pipa la Mama

Sisi tuliokulia Mishomoroni enzi za maji ya mkokoteni tunajuana. Ukitaka kututambua leo, mtazame mtu anavyooga: anayefunga mfereji wakati wa kujipaka sabuni, huyo ni wetu. Maji yaliletwa kwa mitungi ya plastiki, yakamiminwa ndani ya pipa la buluu uani, na pipa lile lilikuwa na mlinzi wake, mama yangu. Hakuhitaji kipimo. Alifunua, akachungulia, akajua nani kaoga zaidi ya haki yake. "Maji ya kununua si ya kuchezea," alisema kila asubuhi, hata kabla hatujamaliza kumwamkia.

Kwa hivyo maua kwetu yalikuwa anasa. Jirani walikuwa na asumini mlangoni. Sisi tulikuwa na mwarobaini, mti usiomwomba mtu kitu. Nami nilipenda mimea kwa mapenzi ya ajabu. Wenzangu wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, barabarani, vumbi hadi kwenye kope, mimi nilikuwa nimechutama kando ya kisima kikuukuu huko Frere Town, karibu na kwa shangazi, muhogo wa kukaanga mkononi, pilipili na ndimu vikinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nikitazama makangaga yaliyoota kwenye mawe ya kisima, na lile zulia laini la kijani linalopenda kuta zenye unyevu. Nilitaka vyote viwe vyangu, nyumbani, dirishani.

Mjomba Athumani, ndugu yake mama, alifanya kazi katika hoteli moja kule Shanzu, na hakuja kwetu mikono mitupu. Siku moja alileta chupa kubwa ya kioo iliyokuwa na achari, yenye mdomo mpana na kifuniko chake. Akasema amewahi kuona pale kazini chupa kama hiyo imeoteshwa bustani ndani, tena imefunikwa.

"Huinywesha lini?" nikamuuliza.

"Mimi sijamwona mtu akiinywesha."

Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Bustani isiyoomba maji! Nani duniani aliihitaji kuliko mtoto wa mama yangu?

Ya kwanza ilikufa. Nilitia mchanga wa pwani kwa kuwa ulikuwa mweupe na wa kupendeza, nikasahau kwamba mchanga huo una chumvi. Kangaga likageuka rangi ya chai ya rangi. Kaka yangu Swaleh akaifanyia matanga, akaketi mkekani kutwa nzima akipokea rambirambi. Mara ya pili nikawa na adabu: kokoto chini, mkaa uliopondwa juu yake, kisha udongo mweusi, kisha makangaga madogo na kipande cha zulia langu la kijani. Nikanyunyizia nusu ya kikombe changu cha maji ya kunywa, nikafunga kifuniko, nikaiweka mahali pasipo na jua kali.

Asubuhi yake kioo kilikuwa kimetoka jasho. Matone yalitambaa, yakashuka, yakaingia udongoni. Nilipiga kelele ya furaha, na kelele hiyo ndiyo iliyoniponza.

"Rukia!"

"Abee, mama."

"Maji haya yametoka wapi?"

"Ni yale yale, mama. Yanapanda, halafu yanashuka."

"Yanapanda kwa ngazi gani? Wanicheza shere?"

Basi nikawa mshtakiwa. Kila asubuhi kioo kimelowa, na kila asubuhi mama aliamini kwamba nimenyatia pipa alfajiri. Swaleh akanibatiza Mwizi wa Pipa, na jina likanitangulia hadi madrasa. Bakora nilizizoea, nani wetu hakuzizoea? Lakini kuitwa mwizi na mama yako mzazi, na huku hukuiba, kuliniuma kuliko bakora zote. Mwishowe akaapa kwamba akiiona chupa imelowa tena, itakwenda jaani na makangaga yake.

Aliyeniokoa ni biriani. Ilikuwa siku ya kuvunja jungu, karamu ile ya kuuaga mwezi wa Shaabani kabla hatujaanza kufunga. Mama alikanda unga, akausokota kamba nene, akaubandika kuzunguka mfuniko wa sufuria. Nilimwona akifanya hivyo tangu nimeanza kutembea, lakini siku hiyo ndipo nilipoona.

"Mama, kwa nini waiziba?"

"Mvuke usitoke, wali usikauke."

"Na usipotoka waenda wapi?"

"Si hurudi chini u..." Akanitazama, akaitazama sufuria, akanitazama tena. "Ebu ilete hiyo chupa yako."

Unga uliobaki akautia chumvi nyingi ili sisimizi wasiuguse, akaizibia chupa mdomo wote, kisha akabonyeza pete yake pande zote, alama kwa alama. "Muhuri wangu huu," akasema. "Tutaufungua Idi. Tukikuta pamekauka, mwizi ni wewe. Tukikuta pana maji, tutasema mengine." Chupa ikapandishwa juu ya kabati la sebuleni.

Wenzangu mfungo ule waliwaza nguo mpya. Mimi niliwaza kabati. Unga ulikauka ukawa mgumu kama ukuta. Jani moja lilipoanza kugeuka manjano nililiombea dua kila baada ya tarawehe, huku Swaleh akiniambia wakati wa futari, "Nalisikia likikohoa."

Idi ikafika. Sebule ilijaa ndugu na majirani, kaimati na viazi karai, na katikati ya sinia za halua mama akaiteremsha chupa yangu. Akaikagua mihuri yake yote, akawaonyesha wageni kwamba haijaguswa, akaupasua unga kwa kisu. Ikatoka harufu ya mvua. Wallahi, harufu ya mvua ya kwanza inapopiga udongo, ndani ya sebule, siku ya jua kali! Makangaga yalikuwa yamejaa hadi mdomoni. Mama akaingiza mkono, akaufinya udongo, akautoa na vidole vimelowa, akaviinua juu watu wote waone. Shangazi akapiga vigelegele. Swaleh akameza kaimati nzima bila kuitafuna.

Mama akaenda uani. Akarudi na kata ya kuchotea, imejaa maji pomoni.

"Haya, mwanangu. Inyweshe bustani yako."

Wageni wakaacha kutafuna, maana waliokuwamo walimjua mama na walilijua pipa lake.

"Haina kiu, mama," nikasema.

Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mama ndiye aliyecheka zaidi. Kisha akaenda kuyarudisha maji yale pipani, tone lisimwagike. Kutwa nzima kila aliyeingia aliambiwa, hata kabla ya kupewa mkono wa Idi: "Huyu hakuniibia hata tone."

Siku hizi binti yake Swaleh amenunua bustani ya chupa kwa simu. Imekuja tayari, na dubu wa plastiki ndani. Anainyunyizia kila asubuhi kwa kuwa simu humkumbusha, na mfereji wake hautoki hewa tupu kama wetu wa enzi zile; imeoza, naye ananiuliza, "Shangazi, labda walinipa mbegu mbaya?" Nimemwambia aifunge aiache. Hawezi. Watoto hawa wangefunua hata chungu cha biriani kukipiga picha.

Lakini kuna jambo lao ninalolionea wivu kidogo. Namsikia Swaleh, yule yule, akimwambia bintiye, "Nisamehe mwanangu, nilikosea," kwa wepesi, kama mtu anayeomba chumvi. Mama zetu hawakuwa na neno hilo kwa watoto. Mama yangu amefariki bila kulitamka. Mimi nilipewa kata nzima ya maji, mbele ya watu, katika nyumba ambayo maji yalinunuliwa. Na sijapata kupendwa vile tena.