Shangazi Indu na Ndugu wa Kila Stesheni

Kwa miaka ishirini na nane Shangazi Indu alifanya kazi katika studio ya picha karibu na soko la manjano, hapa Sangli, na kwa miaka yote hiyo hakupiga picha hata moja. Kazi yake ilikuwa nyuma, kwenye chumba cha giza. Alikuwa na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, akifuta makunyanzi na makovu ya ndui kwenye negativu, ile filamu ambayo picha hutolewa. Nusu ya mji huu ina sura ambazo yeye ndiye aliyezilainisha. Studio ilipofungwa, mwenye studio akamwachia kamera kuukuu yenye mkanda wa ngozi. Shangazi akaja nayo nyumbani, akaiweka mezani, akasema anataka chumba cha mbele.

Chumba cha mbele kinatazama barabara. Wakati huo kilikuwa cha skuta ya Baba, ambayo haikuwaka tangu nikiwa darasa la nne, na cha magazeti aliyokuwa ameyaweka ayasome akistaafu.

"Studio ya nini?" Baba akauliza. "Hujawahi kumpiga mtu picha."

"Ndiyo maana nataka kwanza nizunguke India nzima nikipiga. Miezi minne. Nikirudi nafungua."

"Unazunguka na nani?"

"Na hii." Akaigusa kamera.

Baba, ambaye ni karani wa idara ya umwagiliaji na hacheki ovyo, alicheka mpaka chai ikampalia. "Utafika Pune, utaingia kwa ndugu yetu Sulabha, na miezi minne itakwisha ukimmenyea vitunguu saumu."

"Siingii kwa mtu."

"Indu, ukoo wetu uko kila stesheni. Hata ukitaka kupotea hupotei."

"Basi tuwekeane dau, Kaka. Nikirudi bila kulala hata siku moja nyumbani kwa ndugu, unatoa skuta yako, chumba kinakuwa changu."

"Na ukilala?"

"Kamera unaifungia kabatini, na mimi nakaa nikimenya vitunguu mpaka nife."

Mama akawa shahidi. Alitaka jambo moja tu: wifi yake apige simu kabla ya kupanda kila treni, aitaje, ili tusikae na wasiwasi. Shangazi akakubali. Hapo ndipo nilipomwona Baba anatabasamu.

Kesho yake aliniita akiwa na rundo la kadi za posta.

"Mwandiko wako mzuri, Mrunal. Andika. 'Dada yetu Indumati atapita kwenu, treni nitawajulisha kwa simu. Ni mtu wa makamo, mfupi, amejaa kidogo, ana miwani mizito na pengo la jino la mbele, na amebeba kamera. Msikubali apite bila kulala kwenu.'"

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni na sijawahi kubishana na Baba. Niliandika kama alivyosema. Sikuongeza neno. Miwani na pengo tu ndivyo vilivyokosa nafasi kwenye kadi.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Shangazi mwenyewe na kwenye picha zake. Picha ya kwanza ni ya Jalgaon. Binamu Sulochana anatembea kandokando ya behewa na chombo cha chakula cha ghorofa nne, akichungulia dirisha moja baada ya jingine kama askari anayetafuta magendo. Shangazi alikuwa ameketi katikati ya wanawake waliotoka kuhiji, sari kaivuta hadi puani, kamera ikichungulia chini ya kwapa la jirani.

"Jamani, humu mna Indumati wa Sangli?" Sulochana akaita.

"Yuko chooni," Shangazi akajibu kwa sauti ya puani. "Lete, nitampa."

Chakula kikapita kwenye vyuma vya dirisha. Mambo ya kula hayakuwamo kwenye ahadi.

Akaenda hivyo wiki baada ya wiki. Alilala kwenye nyumba za mahujaji, kwenye vyumba vya kupumzikia vya stesheni, mara moja kwenye ghala la pilipili huko Guntur, akaamka akipiga chafya mpaka saa sita mchana. Alipiga picha vinyozi wa barabarani, wafua nguo, mzee wa Jodhpur aliyekataa kupigwa bila ngamia wake, na ngamia aliyekataa kupigwa kabisa. Na kila aliposhuka au kupita, kulikuwa na mtu wa ukoo kasimama jukwaani na chombo cha chakula. Aliwapiga wote. Anasema uso wa mtu anayekutafuta akulishe kwa nguvu haupatikani studio.

Kisha ikaja Itarsi. Hapo anakaa Mjomba Moreshwar, binamu wa marehemu bibi yangu, mzee wa miaka sabini na minne mwenye mtoto wa jicho upande mmoja na ubishi pande zote mbili. Shangazi hakuwa ameonana naye tangu akiwa na mikia miwili ya nywele.

Pembeni ya Shangazi alikuwa ameketi mwanamke wa Kerala aitwaye Saramma, mfupi, amejaa kidogo, na kamera shingoni. Alitumwa kupiga picha madaraja ya reli, na alikuwa anashuka hapohapo, hana mwenyeji. Treni iliposimama, Mjomba akafika dirishani.

"Indu yuko wapi?"

Shangazi hakusema uongo. Aliinua kidevu kidogo kuelekea mlangoni, ambako Saramma alikuwa anashuka na sanduku lake.

Mjomba akalidaka sanduku.

"Samahani mzee, mimi siye," Saramma akasema.

"Njoo mwanangu, chakula kinapoa."

"Kweli, mimi si ndugu yako."

"Umekonda. Na Kimarathi kimekupotea kwa huko kuzurura."

"Mzee, mimi naenda kwenye nyumba ya wageni."

Mjomba alifuata mila, kama sisi sote tungefanya. Kwetu mgeni wa adabu hukataa mara tatu, na mwenyeji mwema hasikii hata moja. Saramma alikuwa amekataa mara tatu kamili. Mjomba alimwona ni binti aliyelelewa vizuri, akatangulia na sanduku. Treni iliondoka Shangazi akipiga picha migongo yao.

Baada ya wiki ikaja barua. Baba aliisoma kwa sauti mezani, mara mbili. "Indu yuko kwangu siku ya tatu. Anakula wali vizuri sana. Kila siku anakwenda kutazama daraja, sijui kwa nini, nimeona nisimuulize." Siku hiyohiyo Baba alinunua kufuli la kabati.

Shangazi alirudi wiki moja kabla ya Diwali, mweusi kwa jua, ndala zimekatika. Mama alikuwa bado anamimina maji Baba alipomwekea barua mbele.

"Leta kamera."

Shangazi akaisoma, akameza maji, akatandaza picha mezani. Sulochana, Sulabha, na ndugu wengine zaidi ya kumi, wote na vyombo vyao vya chakula. Mwisho akaweka ya Itarsi.

Baba alileta kioo cha kukuzia. "Huu ni mgongo tu. Mgongo ni mgongo. Huyu ni wewe."

"Na aliyepiga picha ni nani, Kaka? Treni?"

"Ulimpa mtu akupige. Mjomba ameandika kwa mkono wake. Mtu wa miaka sabini na minne asimjue damu yake? Anakuja Diwali, atasema mwenyewe."

Kamera ikakaa kabatini siku saba. Shangazi alimenya vitunguu saumu, polepole, akimtazama Baba kila punje.

Mjomba alifika na begi na jicho lake moja. Baba akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya Shangazi.

"Mjomba, mwambie. Alilala kwako, hakulala?"

Mjomba akasogea karibu. Akaitazama miwani. Akalitazama pengo.

"Huyu nani?"

"Indu."

"Datta, usinifanye mzee. Indu namjua, nimekaa naye siku tano. Ana meno yote."

"Mjomba, huyu ndiye dada yangu."

"Basi umetapeliwa. Huyu hajawahi kukanyaga kwangu. Indu wangu yuko wapi? Nimemletea achari."

Mama aliingia jikoni haraka, tukasikia sufuria ikianguka na mtu akikosa pumzi kwa kicheko. Baba akatoa ufunguo wa kufuli mfukoni.

Skuta tuliisukuma sisi wanne, Mjomba akituelekeza. Sasa iko uani, kuku wa jirani wamehamia.

Mteja wa kwanza wa studio alikuwa Baba, kwa amri ya Mama. Aliketi wima, nywele na mafuta, akakunja uso.

"Indu, hii mistari ya kwenye paji utanifutia, eh? Wewe si ndiyo kazi yako."

"Nilishastaafu kufuta, Kaka. Tulia."

Picha hiyo iko dirishani mpaka leo, inatazama barabara, kunyanzi kwa kunyanzi.