Mistari Myekundu Kwenye Kompyuta Yangu

Kazi ya kwanza niliyopata baada ya kuachishwa ile ya Nairobi niliifanyia kwenye meza ya kulia chakula, nyumbani kwa mama, kijijini Kanja. Waajiri wangu wapya walitaka niandike programu kwa lugha ya JavaScript, lakini walikuwa wameuacha mtambo wa zamani wa kuiendesha, ambao nao ni programu tu, na kuhamia mwingine mpya. Wakaniuliza kama naujua. Nikasema naujua. Sikuujua.

Nilidhani kuandaa kompyuta kungechukua nusu saa. Siku ya pili, saa nne asubuhi, bado nilikuwa pale pale. Programu ninayoandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ilikuwa imepiga mistari myekundu chini ya karibu kila neno, hata kwenye mfano mfupi niliounakili kutoka kwa maelezo ya mtambo wenyewe. Na kilichoniudhi zaidi, nikiuendesha ule mfano, ulifanya kazi bila tatizo. Niliweka kiongezi kinachotakiwa, kijiprogramu cha kuifanya iuelewe mtambo mpya, nikakiondoa, nikakiweka tena. Nikazima, nikawasha. Mawingu yaliposhuka mtandao nao ukapotea, nikatoka na simu hadi kwenye mibuni kuutafuta.

Mama ni mwalimu mstaafu. Miaka mingi alifundisha darasa la nne. Alisimama nyuma yangu na kikombe cha uji, akatazama skrini.

"Umekosa zote?"

"Sijakosa, Mama. Ni hii mashine haielewi."

"Hata watoto walikuwa wananiambia hivyo."

"Mama, tafadhali, niache! Haya mambo huyajui!"

Akaweka uji mezani, akaenda kuchuma kahawa peke yake, na mimi nilikuwa nimeahidi kumsaidia.

Uji ukapoa. Nikasoma maelezo upya, polepole, nikifuata kwa kidole. Kumbe kiongezi hicho hulala mpaka ukiwashe ndani ya folda ya mradi wenyewe. Nilikuwa nimekiwasha humo, sawa, lakini nilichofungua ni folda kubwa yenye miradi yangu yote, kwa hiyo mpangilio wangu haukusomwa kamwe. Nikafungua ile ndogo. Mistari yote ikafutika. Sikufurahi hata kidogo. Karibu siku mbili!

Nilimkuta mama katikati ya mibuni, ndoo ikiwa nusu.

"Nilikosea," nikamwambia.

"Kwa kompyuta au kwangu?"

"Kote."

Alinisogezea ndoo, tukachuma mpaka mvua ikatufukuza.